Katoni Niliyoiondoa Matangani

Ninyi mliobaki stoo mnaulizana kwa nini Mokaya aliondoka bila keki. Ni kweli, sikukatiwa. Nilipangusa rafu ya mbele, nikatundika funguo kwenye msumari wake, nikaenda nyumbani kukata majani ya ng'ombe. Yule mwenzetu wa usafiri alipostaafu alivikwa shuka, akaimbiwa, akapigwa picha, kisha gari la kumpeleka kwao likazimika langoni na sisi tukalisukuma. Mimi nimeondoka kabla ya miaka yangu kutimia, kwa hiari yangu, na sina kinyongo na keki. Kinyongo nilicho nacho ni cha mambo mengine. Nitayaandika pamoja na kazi yenyewe, kwa sababu stoo hiyo niliijenga mimi na hakuna mwingine atakayewaonyesha msingi wake.

Kwanza mjue anayewasemesha ni nani. Shule tuliachana nayo darasa la sita, bila kugombana. Chochote mnachokiona kwangu Nyakoe, nyumba ya mawe, ng'ombe wa gredi, majani chai yanayochumwa na watu wengine mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti, nilikitoa kwenye mabega haya. Sikuwa na mjomba ofisini wala shemeji kaunti. Watoto wangu wamesoma mpaka wananisahihisha Kiswahili mezani, huku wakila ugali wangu.

Siku ya kwanza niliingia hospitali hiyo kama kibarua wa kushusha mitungi ya oksijeni. Mvua ya kwetu mnaijua. Lori lilinasa chini ya mteremko, likakataa kupanda. Wenzangu wakaanza kuviringisha mitungi kwenye matope kama magogo, wakisukumana na kutukanana. Mimi niliweka wangu begani, nikapanda nao hadi mlango wa stoo, nikarudi kuchukua mwingine. Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Okumu, mtunza stoo, mtu wa kutoka upande wa ziwa, penseli sikioni, koti la kaki limefungwa vifungo vyote.

“Omera, ndugu yangu,” akaniambia, “wewe ni mtu ama ni winchi?”

“Ni mtu wa Nyakoe, mzee.”

“Basi kesho rudi. Lakini ujue hapa mabega huchoka kabla ya akili.”

Nilirudi, na sikutoka tena. Okumu alinifundisha kupanga kabla hajanifundisha kuandika. Glavu haziwekwi sakafuni, huwekwa juu ya mbao, tena mbali na ukuta, kwa sababu ukuta wa Kisii hunywa maji hata wakati wa kiangazi. Kinachokaribia kuharibika hukaa mbele, kipya hukaa nyuma, na anayechukua cha nyuma kwa sababu boksi yake inang'aa hapewi kitu siku hiyo. Alinifundisha kunusa. Pamba iliyoingiwa na unyevu huwa na harufu ya godoro la mtoto, na mimi mpaka leo naweza kuijua nikiwa bado nje ya mlango. Mjaribu ninyi.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la watu. “Ukitoa kitu kwa sababu ya sura,” alikuwa akisema, “kesho sura zitapanga foleni. Kitu kikipita mlango huu, usiulize nani amekiomba. Uliza kinafika kwa mkono wa nani.” Aliniambia hivyo mwaka mmoja wa kipindupindu, glavu zikiwa zimebaki kidogo, wakati karani mmoja alitaka pakiti ya kuoshea gari lake. Okumu alimtazama tu, akamwonyesha kwa penseli upande wa wodi ya kina mama, akarudi kwa chai yake. Karani akaondoka akinuna. Nilimwona mwanaume siku hiyo.

Okumu alistaafu, akarudi kwao, akalala huko. Ufunguo ukabaki kwangu. Walitaka kumleta kijana mwenye diploma. Alikuja, akashinda wiki akitafuta viatu vya mpira vilivyokuwa nyuma yake, akaomba uhamisho. Tuyaache hayo.

Sasa tufike kwenye ugonjwa, maana ndio mnaoniuliza kila mara, na kila mara mnaniuliza mkicheka.

Barakoa zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na zile nyepesi za bluu, na kulikuwa na zile ngumu zinazoumbika usoni kama kikombe, ambazo sisi tuliziita vikombe. Wodi ya kuwatenga wagonjwa haikuwa ya kuingia bila kikombe. Kabla ya ugonjwa vikombe vilikuwa vikikaa kwenye rafu ya juu na popo, vya wodi ya kifua kikuu tu, hakuna aliyeviulizia. Ugonjwa ulipoingia, vikawa kama mwali mwenye wachumba. Walikuja madereva, walikuja wa ofisi za juu, alikuja mhubiri mmoja na Biblia kwapani. Hata baba yangu mdogo alifunga safari kutoka nyumbani.

“Mokaya mwanangu, nipe kimoja tu cha Sabato.”

“Baba mdogo, huko kanisani huwa mnabadilishia wagonjwa mitungi?”

“Unanijibu hivyo mimi niliyekubeba?”

“Ulinibeba, baba, na nashukuru. Kikombe hakuna.”

Akaondoka akiniambia nimekuwa mkavu kama mahindi ya mbegu. Nilijibu kwamba ndiyo hayo hayo huota.

Sikilizeni nilivyofanya, mkapate kujua stoo hiyo iliokolewa na nani. Vikombe vilikuwa haba na gari la kuvileta kutoka Nairobi halikujulikana siku. Basi nilikwenda sokoni nikaleta mifuko ya kaki, ile ya karatasi ya kutilia sukari. Kila nesi wa wodi ya kutengwa nikampa mifuko yake yenye jina na siku. Cha Jumatatu kinavaliwa Jumatatu, kinaingia mfukoni, kinaning'inizwa kwenye waya kwa kibanio cha nguo, kinapumzika mpaka Jumatatu nyingine. Mfuko hupitisha hewa, nailoni hufanya kikombe kitokwe na jasho na kuoza. Niliwakataza kupaka rangi ya midomo. Niliwakataza kuvishika kwa ndani. Watu wa kufulia wakajifanya wajanja, wakaloweka vingine kwa sabuni na dawa, wakavianika juani vikiwa vyeupe pepe. Nilivitupa vyote mbele yao. Kikombe kikishafuliwa ni chujio la chai.

Aliyenielewa kuliko wote alikuwa Sista Moraa. Alikuwa nesi wa kandarasi, mama wa mtoto mchanga, msemaji, mtu wa Sironga. Kila asubuhi alipita chini ya ule waya akichagua mfuko wake.

“Tata,” ananiambia, yaani baba kwa Kigusii chetu, “hii stoo yako inakaa kama bucha.”

“Chukua nyama yako uende, mwanangu.”

Ndipo akafariki mkulima mmoja mkubwa wa upande wa Nyansiongo, mwenye mahindi na ng'ombe wa maziwa mpaka macho yanachoka. Aliuawa na ugonjwa huo huo, ingawa nyumbani walisema ni presha. Sheria ya wakati huo ilikuwa kuzika upesi na watu wachache. Sheria hiyo ilikuwa ya maskini.

Asubuhi ya mazishi daktari mkuu wetu alishuka stoo mwenyewe. Hakuwa na kawaida hiyo, na viatu vyake vilionyesha.

“Mokaya, timu ya kuzika inahitaji vikombe.”

“Nitawatolea, daktari. Ni wale wa kubeba jeneza tu.”

“Toa katoni. Watachukua vyao, vingine virudi na gari.”

“Daktari, hii ndiyo ya mwisho. Wodi inabaki na vya mifuko, na vya mifuko kamba zimechoka.”

“Mokaya,” akasema polepole, “kati yangu na wewe, nani mkubwa hapa?”

Akaweka sahihi. Dereva akaibeba.

Adhuhuri gari likarudi tupu. Dereva alishuka akicheka kile kicheko cha mtu aliyeona jambo na hataki liwe lake.

“Bosi, usingoje. Ile katoni imekuwa mchango.”

“Mchango wa nini?”

“Wa matanga. Iko pale mezani kwa emsii, katikati ya sukari na majani chai. Daktari mwenyewe ameitoa.”

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Kwenye matanga kila mtu huja na kitu: fahali kutoka kwa wakwe, ndizi kutoka kwa majirani, kuni, unga. Emsii huita kwa kipaza sauti jina lako na ulicholeta, na watu husikia mpaka ng'ambo ya mto. Kikishaitwa, kimekuwa cha marehemu. Hata kama umeleta ng'ombe wa jirani kwa makosa, hamrudishi huyo ng'ombe. Mtalipana ninyi kwa ninyi huko mbele. Kuomba kirudishwe ni kumnyang'anya maiti. Sijawahi kusikia mtu aliyefanya hivyo, na nimeishi.

Nikiwa nimesimama hapo, Moraa akatokea mlangoni. Ilikuwa zamu yake kuingia.

“Tata, vikombe.”

“Vinakuja.”

“Vinakuja kutoka wapi? Huyo dereva wako amenipita akicheka. Vya mifuko vimekatika kamba, nimefunga mafundo hata mafundo yamekataa. Manesi walio ndani wameingia tangu alfajiri, mmoja ameshaanguka mara moja.” Alikuwa ameshika mfuko wake wa kaki kwa mikono miwili. “Nina mtoto ananyonya. Nikiingia na kitambaa, nampelekea nyumbani. Nisipoingia, yule mgonjwa, mwalimu wa kwetu Sironga, mtungi wake hautafika jioni, na hakuna wa kuubadilisha.”

“Sasa unataka nifanye nini, Moraa?”

“Mimi? Mimi nataka tu uniambie, niingie ama nisiingie.”

Nilimwambia angoje. Niliita pikipiki.

Nyansiongo tulifika matope yakiwa mpaka magotini. Hema zilikuwa nyingi kama za mkutano wa kanisa. Vikombe vyangu niliviona kabla sijashuka. Mmoja alikuwa amekivaa kidevuni. Mwingine amekipandisha kwenye paji la uso kama miwani. Mzee mmoja, Mungu ni shahidi, alikuwa ametia njugu ndani ya chake, anakula taratibu. Mstari wa mbele alikuwa amekaa daktari mkuu, miwani nyeusi, kikombe kipya, safi. Aliponiona aligeuka kutazama maua.

Nilimwendea mwana wa kwanza wa marehemu, Barongo. Nilimsalimu kwa heshima, nikampa pole, kwa sababu nilimfahamu baba yake na sikuwa na ubaya naye.

“Barongo, ile katoni imefika hapa kwa makosa. Ni ya wodi. Kuna watu wanakufa. Nipe barakoa zilizobaki.”

“Ile iliyoitwa?”

“Ndiyo.”

Alinitazama kana kwamba nimemwomba jeneza. “Omogaka, mzee mzima, wewe ni Mgusii ama umeokotwa? Mchango wa baba yangu nikupe wewe?”

“Baba yako alihudumiwa katika wodi hiyo hiyo. Waliomshika mkono walivaa hivi.”

“Baba yangu alikufa kwa presha!” Alisema kwa sauti, na watu wakageuka.

Hapo nilijua maneno yamekwisha. Mjue kwamba mtu aliyepandisha mitungi mteremko ule hababaishwi na katoni ya barakoa. Nilikwenda mezani, nikaiinua kati ya magunia ya sukari, nikaiweka begani. Boksi moja iliyokuwa imetolewa humo ilibaki mezani, haijafunguliwa. Barongo aliidaka kabla sijaifikia, akaikumbatia. Sikumvuta. Sitapigana na mtoto wa marehemu siku ya kumzika babake. Emsii alikuwa na kipaza sauti mdomoni na hakuwa na la kusema, jambo ambalo nadhani halijatokea tena upande huo wote wa Borabu.

Nilipita katikati ya hema. Bibi mmoja mzee alisimama, akang'oa nyasi, akazitupa nyuma yangu, na kwetu hiyo ni laana. “Yaya! Yaya! Hapana!” alikuwa akilia. “Anamnyang'anya aliyelala!” Hakuna aliyenigusa. Wetu hawakupigi kwenye matanga. Wanakuweka akiba.

Barongo alinifuata mpaka kwenye pikipiki, ile boksi bado iko kifuani.

“Mokaya wa Nyakoe,” akasema, sasa kwa sauti ya chini, “na wewe una mama.”

Mwenye pikipiki alikuwa ameshawasha.

Moraa nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya stoo. Hakusema asante. Alichukua kikombe, akakipuliza kujua kama kinavuja kando, kama nilivyowafundisha, akaingia. Mtungi wa mwalimu ulibadilishwa. Walio ndani walitoka, mmoja akiwa amebebwa. Katoni ile, kwa mifuko na vibanio, tuliinyoosha mpaka gari la Nairobi lilipofika, na hakuna nesi wetu wa wodi hiyo aliyezikwa. Niandikieni hilo mahali. Hakuna mwingine ataliandika.

Sasa msikie malipo. Kwanza niliitwa ofisini.

“Umeniaibisha mbele ya watu, Mokaya,” daktari mkuu akasema. “Ningeagiza vingine.”

“Vingetoka wapi, daktari?”

Simu yake ikalia, akaipokea, akanionyesha mlango. Ugonjwa ulipopungua, yeye alipewa cheti cha kupambana nao, kile chenye fremu kilicho ukutani pale mapokezi. Moraa na wenzake wa kandarasi waliambiwa kazi imeisha. Sasa anauza ndizi Nyakoe, na mikono yake bado ni ya nesi, ukikohoa anakutazama. Mwalimu wa Sironga alipona. Nilikutana naye sokoni amenenepa, nikamsalimu, akaniuliza kama mimi ndiye fundi wa mabomba. Nami kote nilikopita nikawa yule aliyemnyang'anya maiti. Binti yangu alipochumbiwa, upande wa pili uliuliza kwanza habari hiyo, ukauliza mara ya pili, kisha ukanyamaza mpaka leo.

Mama yangu alifariki mwaka jana. Alikuwa ameshiba siku, lakini mama ni mama. Watu walikuja, kwa sababu kwetu matanga hayasuswi. Fahali walikuja. Sukari ilikuja. Moraa alikuja na mkungu wa ndizi, akaketi nyuma ya nyumba na wanawake, akimenya. Nami nilikaa mbele ya hema na ndugu zangu, nikaanza kudhani watu husahau.

Ndipo lilipoingia gari kutoka Nyansiongo. Barongo alishuka na ndugu zake, wote kwa suti, mmoja amebeba kitu kilichofungwa kwa karatasi ya maua. Wakakipeleka mezani. Emsii akafungua, akatazama, akanitazama mimi, akasoma:

“Kutoka kwa familia ya marehemu wa Nyansiongo… barakoa. Boksi moja.”

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Ugonjwa ulikuwa umeshaisha, hakuna aliyevaa kitu usoni. Baba yangu mdogo, yule wa Sabato, alicheka mpaka akafuta macho. Mama yangu alikuwa hapo hapo, ndani ya jeneza, kifuniko kikiwa wazi.

Ndugu yangu akaninong'oneza, “Warudishie. Warudishie sasa hivi, uwatupie usoni.”

“Imeshaitwa,” nikamwambia.

Nilisimama, nikampa Barongo mkono. Ulikuwa baridi na hakujua aufanye nini. Kisha niliichukua boksi, ile ile aliyoikumbatia siku ya babake, nikaenda nayo nyuma ya nyumba, kwa sababu sikutaka wanione uso. Moraa aliinua kichwa kutoka kwenye ndizi.

“Tata, hivyo ni vikombe kweli?”

“Ni vikombe.”

“Nipe.” Akapangusa utomvu kwa aproni, akageuza boksi chini juu akatafuta tarehe, akafungua, akavuta kamba ya kimoja taratibu. “Vizuri bado. Unajua wale wa wodi ya kifua kikuu siku hizi wanaingia na kitambaa? Rafiki yangu yuko huko, anakohoa tangu Pasaka.”

“Sijui kama wataomba.”

“Usingoje waombe,” akasema, akarudi kwa ndizi zake.

Tulimzika mama. Jumatatu nilifika kazini kabla ya wote. Kwa kuwa tarehe yake ilikuwa karibu, boksi ile ilipaswa kukaa rafu ya mbele, lakini sikuiweka rafuni. Niliipeleka mwenyewe mpaka wodi ya kifua kikuu. Rafiki wa Moraa alivaa kimoja mbele yangu, akakipuliza. Wiki hiyo hiyo niliomba kuondoka.

Fahali wa mama yangu waliliwa, na walioniletea siwakumbuki nusu. Sukari ilinywewa. Waliocheka walibeba hata kuni zilizobaki. Katika michango yote iliyoitwa siku ile, ni huo mmoja tu ninaojua ulifika kwa mkono wa nani.